Wezi Wenye Risiti

Printa ya kituo ilikataa tena. Inspekta Thenmozhi aliifungua, akaifunga, akaipiga kofi la ubavuni. Kioo chake kidogo kikarudia maneno yale yale: wino huu si wa kampuni yetu.

"Wino umo kweli?" aliuliza.

"Umo, tena hadi juu," alisema Konstebo Velmani. "Nimeununua sokoni mwenyewe. Imejua tu kwamba si wa ukoo wake."

Kijana aliyeketi upande wa pili wa meza aliinua kichwa. Tangu asubuhi alikuwa akitazama ukuta. "Printa haijaukataa wino, afande. Imekukataa wewe. Serikali imeinunua, imo chumbani mwako, inakula umeme wako, lakini anayeiamuru yuko nchi nyingine. Ukitaka nikuoneshe namna ya..."

"Shughulikia kesi yako kwanza," alisema Thenmozhi, akaketi.

Kijana huyo aliitwa Ilamparithi. Alitengeneza programu katika kampuni ya Sokkalingam, iliyouza programu moja tu, ya kuchora tarizi. Mtu anachora ua au jina kwenye kompyuta, na mashine inalishona kwenye fulana. Nusu ya karakana za nguo za mji wa Tiruppur ziliitumia. Programu haikufunguka bila kifunguo, kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachochomekwa kwenye kompyuta, na kila mnunuzi alipewa chake. Sasa mjini ilikuwa imeonekana nakala inayofunguka bila kifunguo chochote. Ndani yake ilikutwa namba ya kifunguo cha majaribio, kile kinachokaa mezani kwa Ilamparithi.

Saa tisa alasiri ilibidi afikishwe kwa hakimu. Thenmozhi akitia saini ombi la rumande, hakuna kampuni mji ule ambayo ingemruhusu tena kugusa hata kitufe cha kompyuta.

"Kufuli la programu ile nani alilitengeneza?" alianza.

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Na nani alilivunja?"

Ilamparithi alijisogeza kitini. "Unajua, afande, kufuli lile nililipinga tangu mwanzo. Nilimwambia bosi, mwizi hatakutana nalo hata siku moja. Yeye atapata nakala iliyokwisha kufunguliwa, atastarehe nayo. Anayekutana na kufuli kila asubuhi ni yule aliyelipa."

"Nimeuliza nani."

"Ni kama filamu. Ukinunua ya halali, unakalishwa kwanza usomewe onyo kwamba wizi ni kosa. Ukinunua ya wizi pale stendi, inaanza moja kwa moja. Sasa nani hapo anatendewa kama mwizi?"

Velmani alicheka, akaona macho ya mkuu wake, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Thenmozhi alichukua simu yake. Sokkalingam alikuwa amemtumia makala zote ambazo kijana huyu aliwahi kuandika mtandaoni, na zote zilikuwa na hasira ileile. Betri za simu zilizogundishwa ili usizibadilishe. Televisheni inayokuonesha matangazo baada ya kuinunua. Jambo moja lilijirudia.

"Hapa umeandika kuhusu mama yako na nyimbo za ibada."

"Alizinunua kwenye simu, afande. Za kumsifu Murugan. Alizilipia kihalali, moja moja. Kampuni ikafungwa, nyimbo zikazimika, zote, siku moja. Zimo ndani ya simu, ninaziona, lakini hazifunguki mpaka ziombe ruhusa kwa kampuni iliyokwisha kufa. Mungu mwenyewe kafungiwa nje."

"Ukakasirika."

"Nani asingekasirika?"

"Ukaamua kumkomoa mwajiri wako."

"Hapana."

Lilikuwa jibu fupi na safi. Thenmozhi aliliweka moyoni, akasogeza swali. "Nakala hii ilitengenezwa wiki ileile ya Sikukuu ya Zana. Mlipofungua ofisi baada ya sikukuu, nani alikuja mezani kwako?"

"Tazama majokofu ya siku hizi," alisema Ilamparithi. "Jokofu linataka mtandao. La nini? Maziwa yanapoa kwa mtandao?"

Thenmozhi alikuwa amelea wavulana wawili. Mtoto ukimuuliza kama amefanya kosa, na hakulifanya, anasema hapana. Ukimuuliza nani aliyevunja kioo, naye anamjua na anampenda, anaanza kukusimulia habari za paka. Kijana huyu alijibu kila swali lililomhusu yeye mwenyewe kwa neno moja. Hotuba zilianza pale tu alipoulizwa kuhusu mtu mwingine.

"Mpeni chakula," alimwambia Velmani, akatoka.

"Sili," alisema Ilamparithi nyuma yake.

* * *

Sokkalingam alikuwa ukumbini, shati jeupe, majivu ya ibada kwenye paji la uso, simu mbili mkononi.

"Madam, bado hujatia saini? Ushahidi gani tena unautaka? Kaandika kwa mkono wake kwamba makufuli ni ya kipuuzi!"

"Kama kuita kitu cha kipuuzi ni wizi, mume wangu angekuwa amefungwa maisha," alisema Thenmozhi. "Nakala uliiona wapi?"

"Kwa Nachimuthu, barabara ya Kangeyam. Nimepita kusalimia tu, naona mashine zinanguruma na kifunguo hakuna."

"Ukamuuliza alikoipata?"

"Mwizi anaulizwa? Nilikuja hapa moja kwa moja." Sauti yake ilishuka. "Madam, wewe huwezi kujua. Programu yangu ya kwanza haikuwa na kufuli. Ilinakiliwa mpaka na wauza chai. Nilikuwa naingia karakana, naiona kwenye kila kioo, na hakuna aliyenisalimia. Niliuza pikipiki ili nilipe umeme wa ofisi. Halafu huyu mtoto ananiambia kufuli halina faida?"

Hakuwa anaigiza. Thenmozhi alimngoja apumue.

"Ofisini kwako wanajua kijana yuko hapa?"

"Hakuna anayejua. Nimesema ana homa. Wateja wakisikia, nimekwisha."

"Na mimi nikimpeleka kwa hakimu bila kujua nakala ilipita njia gani, mimi ndiye nitakayekwisha. Kaa hapo."

* * *

Nachimuthu alikuwa mzee mfupi mwenye lungi, shuka ya kiunoni, iliyokunjwa hadi magotini na nyuzi za rangi zilizonasa kwenye nywele za mikono. Nyuma yake mashine zilikuwa zikishona bata wa njano vifuani mwa fulana ndogo, bata baada ya bata.

"Karibu, mama," alimwambia Thenmozhi, akipaza sauti juu ya kelele. "Sokkalingam kawatuma, sivyo? Aliingia hapa juzi, akaangalia kompyuta yangu kama mtu aliyemkuta mkewe sinema, akatoka bila kunywa hata maji."

"Unatumia nakala ya wizi, mzee."

"Mimi?" Nachimuthu alizima mashine iliyo karibu. Alikwenda kwenye kijimadhabahu kilichokuwa ukutani, akarudi na kifunguo na karatasi yenye mhuri. "Risiti hii hapa. Kifunguo hiki hapa. Umewahi kumkamata mwizi mwenye risiti?"

Thenmozhi alikigeuza kifunguo kwenye mwanga. Mdomo wake wa chuma, ule unaoingia kwenye kompyuta, ulikuwa umejaa kitu kikavu cha njano na chekundu. Alikinusa.

"Msandali?"

"Msandali na kungumu, ule unga mwekundu wa ibada. Ilikuwa Sikukuu ya Zana."

"Umekipaka kifunguo cha kompyuta?"

"Nisikipake?" Mzee alishangaa kwa dhati. "Mkasi nipake, sindano nipake, mashine nipake, pikipiki niiwekee ndimu ya baraka chini ya gurudumu, halafu hiki kinachoviendesha vyote nikiruke kama mtoto wa kambo?"

"Lakini mzee, umekipaka mdomoni," alisema Velmani.

"Uso wake uko wapi, basi, wewe msomi? Mimi nimepaka usoni."

Velmani alikitazama kifunguo, akashindwa kuuonesha uso. Thenmozhi hakucheka. Hata bunduki za kituo zilikuwa zimepakwa siku ile ya kubariki vifaa vya kazi, na gari lile lililowaleta bado lilikuwa na alama nyekundu juu ya taa.

"Kikafa," alisema.

"Kililala mbele ya mungu mpaka asubuhi. Nimekichomeka, kimya. Nimekifuta, kimya. Nikamtafuta Sokkalingam, hapokei. Akanijibu kwa ujumbe: nunua kingine, kinatoka ng'ambo, subiri wiki tatu. Wiki tatu, mama! Nina fulana za watoto za Wajerumani, kila moja na bata wake. Meli itangoja bata wangu? Nikapiga simu ya ofisini. Nikalia. Sioni haya kusema, nililia. Baadaye programu ikaja kwenye kompyuta, inafunguka yenyewe."

"Simu ya ofisini nani alipokea?"

Nachimuthu alianza kuikunja risiti, kwa uangalifu, kona juu ya kona.

"Sikumbuki."

"Umekumbuka mpaka bata."

"Mtu mwema, mama. Achana naye."

"Ni yule kijana, Ilamparithi?"

"Yule!" Mzee alisahau tahadhari. "Yule hapokei simu. Na akipokea kwa bahati mbaya, unauliza habari ya mashine, unajibiwa habari ya jokofu."

Walikwenda karakana mbili nyingine ambazo Sokkalingam alizitaja kwenye malalamiko yake. Ya kwanza ilikuwa ya ndugu wawili waliogombana mbele ya polisi juu ya nani aliyetia msandali mwingi zaidi. Ya pili ilikuwa ya mama mmoja aliyemwambia Thenmozhi kwamba kama kosa ni kupaka, basi awashitaki kwanza mababu zake. Zote zilikuwa na nakala isiyo na kufuli. Zote zilikuwa na kifunguo cha halali, kilichokufa, chenye harufu tamu. Na wote, walipoulizwa ni nani aliyewasaidia, walikumbuka ghafla kazi nyingine ya kufanya.

Ndani ya gari, Thenmozhi aligonga vidole kwenye dashibodi.

"Wezi gani hawa, Velmani? Wizi ni kuchukua usicholipia. Hawa wamelipa. Mtu aliyelipa anaiba ya nini?"

"Kwa sababu programu aliyouziwa imekataa kumfungulia."

"Eeh. Halafu kuna mtu anawafungulia, na mtu huyo kijana anamficha, mzee anamficha, hata wale ndugu wasioelewana wanaelewana kumficha. Bosi hafichwi hivyo. Fundi hafichwi hivyo."

Alitoa simu, akapiga namba ya ofisi ya kampuni. Ilipokelewa kabla haijaita sawasawa. Sauti ya mwanamke, ya upole, yenye haraka: "Haloo, pole, mashine gani imekwama?" Hakuuliza nani anapiga.

Thenmozhi alikata.

"Washa gari," alisema. "Saa tisa haiko mbali."

* * *

Mwanamke aliyekuwa kwenye meza ya simu alikuwa na maua ya asumini kwenye msuko na spika za simu masikioni. Aliitwa Vasanthamani. Alikuwa mke wa Sokkalingam.

"Bosi hayupo," alisema alipoona sare. "Na fundi wetu, Ilam, ana homa. Nimetaka nimpelekee uji, mume wangu kasema niache, isije ikaniambukiza."

"Hana homa. Yuko mahabusu kituoni kwangu. Saa tisa anakwenda rumande kwa kuvunja kufuli la programu."

Vasanthamani alivua spika masikioni. Zilibaki zikinong'ona mezani, mteja fulani akiendelea kueleza shida yake.

"Nani kamshitaki?"

"Mumeo."

"Na yeye amesema nini?"

"Amenieleza habari za majokofu."

Mwanamke yule alifumba macho. Alipoyafumbua hakuwa na upole tena. "Mimi ndiye niliyemwambia alitoe kufuli hilo. Baada ya sikukuu simu hii haikunyamaza. Watu wazima wanalia, afande. Wana mizigo ya kusafirisha, wana vibarua wamekaa chini. Wamelipa, majina yao yote ninayo, na sisi tunawaambia wangoje vifunguo vitoke ng'ambo. Nikamwambia Ilam, tengeneza isiyo na kufuli, niwatumie hao tu. Akasema, kaka ataniua; ndivyo anavyomwita mume wangu. Nikamwambia, usimwambie, nitamwambia mwenyewe akipoa."

"Akapoa?"

"Unamjua mume wangu?"

"Nimemjua leo asubuhi."

"Basi."

Thenmozhi alisimama katikati ya chumba. Kesi ilikuwa imefumbuka, na haikumsaidia lolote: sasa alikuwa na washitakiwa wawili badala ya mmoja. "Mama, unaelewa ulichosema? Umetoa mali ya kampuni bila ruhusa ya mwenye kampuni."

"Ruhusa ya nani?" Vasanthamani alionekana kuchanganyikiwa kidogo. "Kampuni ni yangu."

"Yako vipi?"

"Kwa jina langu. Benki ilikuwa na mkopo wa wanawake, riba yake ndogo. Mume wangu akaandikisha kila kitu kwangu, akasema ni karatasi tu. Mimi natia saini, yeye anaitwa mkurugenzi. Mji huu nusu ya kampuni ziko hivyo. Hata ile ya kuuza vifungo hapo chini ni ya bibi yao, na bibi haoni vizuri."

Velmani alikohoa tena, na safari hii hakuzuiwa.

"Chukua viatu vyako, mama," alisema Thenmozhi. "Twende."

* * *

Sokkalingam aliinuka ukumbini alipomwona Inspekta, kisha akamwona mkewe nyuma yake, akakaa.

"Bwana Sokkalingam, mwenye kampuni ni nani?"

"Mimi."

"Nauliza kisheria."

Aliangalia simu moja, akaangalia ya pili. Hakuna iliyoita. "Ile ni karatasi tu," alisema.

"Na ombi langu la rumande ni karatasi tu. Kwa karatasi yako, umeleta malalamiko juu ya mali isiyo yako. Mwenye mali alimwagiza mfanyakazi wake afungue kufuli, akawapa wanunuzi wake waliofungiwa nje ya programu waliyoilipia. Mimi nimezunguka mji mzima kumtafuta mwizi wa kitu ambacho hakikuibwa." Alimgeukia Vasanthamani. "Mwenye kampuni, una malalamiko?"

"Ninayo. Dhidi ya aliyemtoa mfanyakazi wangu nyumbani kwao mbele ya majirani, halafu akaniambia ana homa."

"Vasantha," alisema Sokkalingam.

"Ulijibu wateja kwa ujumbe. Mimi niliwasikia."

"Na wasiolipa je? Kesho nakala hiyo itakuwa kwa wauza chai, kama ile ya kwanza. Umesahau pikipiki?"

"Sijasahau. Nilikuwa napanda nyuma yake." Hakupandisha sauti. "Ile ya kwanza ilinakiliwa na watu wasiotujua, na hatukuwa na hata simu ya kuwapokea. Hawa wanatujua. Nachimuthu anaweza kuinakili kwa jirani, kweli. Lakini siku ikimkwamia, jirani atampigia nani?"

Sokkalingam aliziweka simu mbili gotini, vioo vikiangalia chini.

Velmani alimleta Ilamparithi. Shati lake lilikuwa limekunjamana, na chini bado alikuwa na lungi ya kulalia aliyokamatwa nayo. Alimwona Vasanthamani, akainamisha kichwa.

"Sikusema, dada."

"Najua, mjinga wewe."

"Kwa nini hukusema?" Thenmozhi alishindwa kujizuia. "Nusu siku umenihutubia! Bado kidogo tu nikupeleke rumande, mdogo wangu, na kule hakuna wa kumhutubia!"

"Uliniuliza nani ameiba, afande. Hakuna aliyeiba."

"Niliuliza nani alivunja."

"Na hilo halikuvunjwa. Mwenye mlango aliniambia nifungue."

Thenmozhi alivuta karatasi tupu, akaandika kwa mkono amri ya kumwachia, kwa haraka, akikandamiza kalamu. Jalada zima la kesi lilikuwa limekufa mikononi mwake, na jioni angepaswa kumweleza mkuu wa kituo habari za msandali.

"Jumatatu uje," Vasanthamani alimwambia kijana. "Tuliondoe kufuli kabisa."

"Kuliondoa ni kazi ya asubuhi moja, dada. Lakini siji."

"Ilam."

"Nilitolewa na lungi, mtaa mzima ukiangalia. Mama yangu alikimbia nyuma ya gari la polisi bila viatu. Kaka angeniuliza. Angeuliza neno moja tu, 'Ni wewe?' Ningemjibu. Hakuuliza."

Thenmozhi aliweka kalamu chini. Wote watatu, na Velmani mlangoni, walimtazama Sokkalingam.

Mtu yule alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha. Alitia simu zote mbili mfukoni. Mwishowe alisema, macho yakiwa kwenye sakafu:

"Umekula?"

Ilamparithi alikaza fundo la lungi yake.

"Bado," alisema.

Neno "kaka" hakuliongeza. Lakini Sokkalingam alipotangulia kutoka, kijana alimfuata.